Kilo Themanini na Nane za Dada Mkubwa

Benchi letu liko pembeni mwa karakana ya injini za mashua, hatua kama thelathini kutoka gatini. Ni ubao mrefu uliolala juu ya maboksi mawili ya chuma, na aliyekaa mwisho akinyanyuka bila kuaga, wa mwisho mwingine anajikuta chini. Mimi nakaa mbele yao juu ya kigoda, na birika langu na vikombe. Asubuhi ile walikuwa wanne. Plagi, fundi wa injini, ambaye hata harusini kwake alikuja na oili kwenye kucha. Mizani, mpima magunia wa soko la nafaka, akikutazama mara moja anakutajia kilo zako hata kama hujamuuliza. Kinyozi, ambaye duka lake linajiendesha lenyewe kwa sababu wateja wanajua wakamtafute wapi. Na Nahodha, mwenye mashua, aliyekuja na karatasi ya hospitali imekunjwa mara nne, akaiweka gotini na kuifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha kidonda.

Mashua yake haikuzaliwa kwa kazi anayoifanya. Iliundwa kwa ajili ya wale wanaovua kwa mchezo, ambao wakimpata samaki wanampiga picha halafu wanamrudisha majini akaendelee na shughuli zake. Ni bapa, pua imechongoka, na ilikuwa na viti viwili vya kuzunguka kama vya Kinyozi. Watu wawili na fimbo zao, basi. Nahodha aliinunua mnadani, akang'oa kiti kimoja, akatandika machela, akaanza kuvusha wagonjwa wa ng'ambo ya ziwa, kwa sababu barabara ya kuzunguka inakula nusu siku nzima. Huu mwaka wa tatu, na safari zote hizo dada yake mkubwa yumo. Si muuguzi, hana cheti chochote. Kazi yake ni kukaa sakafuni, kichwa cha mgonjwa mapajani mwake, na kusema naye mpaka wafike.

Sasa hospitali imeleta utaratibu. Mashua ya wagonjwa lazima ivuke kwa dakika ishirini na tano au chini ya hapo, ikiwa na nahodha, mgonjwa mmoja kwenye machela, msindikizaji mmoja, na mafuta ya kwenda na kurudi. Mganga mkuu angesimama gatini kesho yake asubuhi, saa mkononi. Ikishindwa, hakuna kibali, na watu wa ng'ambo warudi kuzunguka na barabara.

Jana yake walikuwa wamejaribu kwa mifuko ya mchanga. Mizani aliijaza mwenyewe kwa uaminifu wa kazini kwake: mgonjwa kilo sabini, msindikizaji sitini na tano. Mfuko wa tatu ulikuwa wa Dada Mkubwa. Alipoulizwa alicheka, akasema waandike themanini na nane, asije akasingiziwa kwamba alidanganya mbele ya ziwa. Wakavuka kwa dakika ishirini na tisa.

— Ni injini, Plagi alisema, na kikombe chake bado hakijafika mdomoni. Farasi arobaini, unawabebesha watu wanne? Mpe sitini uone.

Kinyozi akataka kujua hao sitini wataongeza nini hasa. Ukitoka arobaini kwenda sitini umeongeza nusu, kwa hiyo mashua nayo itakimbia nusu zaidi, sivyo? Plagi alimwonea huruma. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezea watu wanaomletea injini zilizotiwa dizeli badala ya petroli, kwamba maji hayakubali hesabu hiyo. Unaongeza nguvu nusu, maji yanakupa mwendo labda humusi, sehemu moja ya tano, mengine yanakudai. Na injini kubwa yenyewe ni nzito, inaning'inia nyuma kabisa, inakandamiza mkia. Pua inaelekea mbinguni, na wewe unakunywa petroli ukiwa umekaa palepale.

— Kwa hiyo umejijibu mwenyewe, Mizani alisema. Si injini. Ni mzigo.

— Nimesema ni injini na mzigo.

— Umesema injini. Bibi ni shahidi.

Mimi sikutaka ushahidi. Nilikuwa namkumbuka marehemu mume wangu, aliyesukuma mkokoteni maisha yake yote. Siku moja alirudi amechoka kuliko kawaida, nikamwuliza umebeba magunia mangapi leo, akasema saba. Nikamwambia kila siku unabeba sita, gunia moja tu ndilo limekufanya hivi? Akaniambia, mama watoto, lile la saba halikuja peke yake, lilipopanda yale sita yakawa mapya. Nikawasimulia. Plagi aligeuka akanitazama kama nimemtolea spana aliyoipoteza.

— Ndiyo hivyo hivyo, Bibi. Mashua ikiwa nyepesi inapanda juu ya maji, inateleza. Ikizidiwa kidogo tu, haipandi, inalima. Na inayolima haina mwendo hata uipigie magoti.

Basi wakaanza kuipunguza, pale pale benchini. Mizani alitoa nanga, kilo kumi na mbili. Akatoa betri ya pili. Akatoa kile kiti cha kuzunguka kilichobaki, Nahodha asimame. Kinyozi akasema tumbo la mashua lina ukungu kama kidevu cha mfungwa, linyolewe usiku huohuo, na yeye yuko tayari kutoa mashine. Hilo Plagi alilikubali, akamshangaza Kinyozi mwenyewe, ambaye kwa furaha akaendelea mbele zaidi: msindikizaji aje bila viatu, Nahodha asinywe chai, mgonjwa naye anyolewe nywele, maana nywele za mwanamke zikilowa zina uzito ambao watu hawaujui.

— Nywele gramu mia mbili, Mizani alisema bila kucheka. Zikilowa, mia tano.

— Hapo sasa. Nusu kilo hiyo.

— Wewe domo lako peke yake lina kilo tatu, Plagi akamwambia. Ndiyo maana hatukupeleki.

Wakajumlisha. Ilitoka kama kilo arobaini na kitu. Plagi akatikisa kichwa; bado ingelima. Alipendekeza mfuko mmoja usogezwe mbele, pua ishuke, halafu akakumbuka kwamba mbele ndipo machela ilipo. Nikawamiminia tena, na niliona Mizani anamtazama Nahodha, na Nahodha anatazama kikombe.

— Waambie, Mizani alisema.

— Waambie wewe.

Ndipo tukajua kwamba jana, baada ya sisi kuondoka, walivuka mara ya pili. Waliacha mfuko mmoja gatini. Mashua ikapanda juu ya maji kabla hawajafika hata kwenye boya la kwanza, ikateleza kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa mafuta. Dakika ishirini na tatu. Hakuna aliyeuliza ni mfuko upi ulioachwa.

Plagi alisema polepole kwamba hata kwenye karatasi hayumo. Ni kweli, hayumo. Nahodha aliikunjua akatusomea: nahodha, mgonjwa, msindikizaji. Mizani akasema si kwamba wanamfukuza, Dada Mkubwa anaweza kuwasubiri gatini, akawapokea. Kinyozi akasema ni kwa ajili ya mtihani tu, ukishapita nani atakuja kuhesabu watu. Plagi akamjibu kwamba wakimrudisha, mashua italima tena, na siku mganga mkuu akitazama saa yake itakuwa ni udanganyifu. Kila mmoja alisema kitu cha maana. Hilo ndilo lililonisumbua, hapakuwa na mjinga hata mmoja.

— Huyu ndiye aliyenilea, Nahodha alisema. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne. Mashua hii nimeinunua kwa pesa za cherehani yake. Nitamwambiaje kwamba yeye ndiye uzito?

— Mwambie ni mganga mkuu, Kinyozi alisema.

— Atajua.

— Lakini ukikosa kibali, kaka, hakuna mashua kabisa, Plagi alisema. Hakuna yeye, hakuna wewe, hakuna mgonjwa. Watu watazalia barabarani.

Dada Mkubwa mwenyewe alikuwa hospitalini, ameenda kuchukua mashuka ya machela yaliyofuliwa, na kila mtu pale benchini alikuwa anatupia jicho upande ule, wasije wakakutwa.

Kulikuwa na mwanamke amekaa juu ya ukuta mfupi wa karakana, na mimba kubwa, ya miezi minane kwa macho yangu. Alivushwa juzi kuja kliniki, sasa anasubiri kurudi kwao. Alikuwa ameniomba maji ya moto, akayanywa taratibu na kusikiliza yote. Akateremka ukutani kwa kujishikilia, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Kisha akawageukia wao.

— Samahani, kaka zangu. Ule mfuko wa kilo sabini, uliolala kwenye machela. Ule ni mimi?

Mizani akasema ndiyo, kwa mfano.

— Basi ilipofika katikati ya maji, mashua inarukaruka kwa huo mwendo wenu mzuri, nani alikuwa amenishika?

Mizani alifungua mdomo, nadhani alitaka kusema mchanga haushikwi, akaufunga. Plagi ndiye aliyejaribu.

— Msindikizaji, mama. Ndiyo kazi yake.

— Msindikizaji wangu ni mume wangu. Mtoto wa kwanza, uchungu ulinikuta palepale katikati. Mume wangu alipoona damu akazimia. Dada akamlaza pembeni kwa mguu wake, mimi akanishika kwa mikono. Alikuwa ananisimulia habari ya mbuzi mmoja aliyekula cheti cha shule. Nilizaa nacheka. Sasa nauliza tu, mnielimishe, kwa sababu mwezi ujao ni mimi, si mchanga. Nani atanishika?

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira wangepata cha kumjibu. Plagi alianza kujifuta oili ya kwenye kucha, kitu ambacho sijapata kumwona akifanya. Kinyozi alitazama duka lake kana kwamba kuna mteja. Mizani, anayejua uzito wa kila kitu, alikuwa anatazama mikono ya yule mwanamke juu ya tumbo lake, na sikumsikia akitaja namba. Nilitikisa birika nikakuta bado lina vikombe viwili vitatu, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwanamke alingoja kwa adabu. Kisha akaokota kifurushi chake.

— Haya. Tunaondoka saa ngapi?

Nahodha akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

— Dada akishafika.

Plagi akashusha sauti, kama anayemwamsha mtu.

— Hiyo ni leo. Na kesho, mbele ya mganga mkuu?

Nahodha alisimama, taratibu, ili asimwangushe Kinyozi.

— Nimeshasema, kaka. Dada akishafika.