Mama Magamba, Aliyeona Chuma Kikila Hewa

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Magamba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kifungua mimba wa baba mhunzi na mama mshonaji, katika nyumba iliyopakana na karakana, ambako alijifunza kutembea huku akikwepa cheche.

Alianza shule mwaka 1960, akaendelea hadi chuo cha ufundi, na huko siku moja alipima kipande cha chuma, akakitia tanurini mpaka kikaiva chekundu, kisha akakipima tena pamoja na magamba meusi yaliyobanduka, akakuta uzito umeongezeka, akaduwaa, maana alizoea kuona moto ukila kuni na kubakiza majivu, kumbe chuma chenye joto kali hula hewa, nayo hewa huwa sehemu ya chuma hicho. Alipomsimulia baba, mzee alishika kiuno, akasema, "Mwanangu, miaka yote nafagia magamba hayo, sikujua nafagia hewa!"

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa matanuri katika kiwanda cha nondo, na tarehe 4 Agosti 1979 aliolewa na shemeji yetu, mwendesha tanuri, wakajaliwa watoto watatu.

Mwezi Juni 1988 aliona magamba mazito yakining'inia kwenye bomba la mvuke lililopita juu ya tanuri, akaomba moto uzimwe, lakini meneja alisita, akasema, "Mbona bomba limenenepa kuliko lilipokuwa jipya?" naye akajibu, "Huo unene ni magamba, bosi, chuma chenyewe kimeliwa." Shemeji, aliyekuwa zamu chini ya bomba hilo, alizima moto bila kungoja amri, na bomba lilipokatwa ukuta wake ulikuwa mwembamba kama ukucha, mvuke ungeupasua wakati wowote.

Mwaka jana alianza kuugua moyo. Wiki za mwisho alimwomba mumewe aweke kisu kilichong'arishwa juu ya jiko, wakatazama chuma kikila hewa, rangi ya asali ikitambaa, ikageuka zambarau, kisha buluu, naye akanong'ona, "Ngoja, usikitoe bado." Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa kiwandani mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, na ovaroli zenu, mkabeba jeneza.

Dada, pumzika sasa, kwa amani.