Teresia Aule na Mtoto Aliyekataa Kumlaza

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo, kuanzia Wabera hadi Garbatulla. Leo, mwaka huu wa 1988, tunamkumbuka Teresia Aule, muuguzi wa nusukaputi, tuliyemzika Jumanne. Kwa miaka kumi na tano Teresia aliwalaza wagonjwa kwa dawa, nao wakaamka. Mmoja hakuamka.

Mwaka wa 1978, Istar Hersi wa Wabera alimleta hospitalini mwanawe Abdinur, mgonjwa wa ngiri. Abdinur alikuwa na shingo fupi, ulimi mnene, na alikoroma hata akiwa macho. Istar alieleza kwamba mtoto hulala ameketi, amemwegemea kifuani. Teresia alidhani ni kudekeza tu. Akamlaza chali, akampa dawa. Ulimi ukarudi nyuma, koo likaziba. Akatafuta njia ya kupitisha mpira wa hewa, asiione. Kufikia saa nne asubuhi Abdinur alikuwa amekufa.

"Mama aliacha kuimba kanisani mwaka huo," anasema bintiye, Natabo.

Tangu hapo, kabla ya kugusa sindano, Teresia alimuuliza kila mzazi: mtoto wako analala aje?

Mwaka wa 1983 Istar akaja tena. Amembeba Luul, dadake Abdinur, wa miaka minne. Narudia, dadake Abdinur. Shingo fupi, ulimi mnene. Ni ugonjwa wa kurithi, nadra sana, wataalamu walikuja kueleza baadaye. Ngiri ilikuwa imekaba utumbo, mtoto anatapika, na Nairobi ni mbali. Teresia aliusikia ule mkoromo koridoni. Daktari alitaka mtoto alazwe upesi. Teresia akakataa mbele ya watu wote.

"Daktari, nikimlaza huyu hataamka. Mchome ganzi. Mimi nitamshika."

Wakampasua akiwa macho, ameegemea kifua cha mamake. Saa nzima Teresia alishikilia taya lake mbele, akisikiliza pumzi. Mara mbili zilikatika. Mara mbili zikarudi. Luul yu hai hadi leo.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Natabo na jamaa yote. Lakini tutafakari pia. Jumanne Istar alisimama kando ya kaburi, amemshika mkono kitindamimba wake, Hirsi, wa miaka mitatu. Hirsi ameanza kukoroma. Ngiri nayo imetokea. Istar alimuuliza Natabo kwa sauti ya chini, nasi tuliokuwa karibu tukasikia:

"Sasa huyu nimpeleke kwa nani?"