Sauti ya Mzee Piusi

Kwenye Noah, gari dogo la abiria liendalo Endabash, Nafisa, muuza vitenge tunayemjua wote pale Karatu, alimpa shikamoo mzee aliyekaa pembeni yake. Mzee akaandika kwenye simu yake kwa kidole kimoja, nayo ikajibu kwa sauti ya kike, safi kama ya mtangazaji wa redio: "Marahaba. Naitwa Piusi. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaninyang'anya ulimi kidogo kidogo."

"Pole sana, mzee wangu!" Nafisa alipaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya korongo.

"Masikio bado mazima," simu ikasema. Tukacheka, na Piusi mwenyewe akacheka kuliko sisi.

"Sasa mwanaume mzima unaongea kidada!" Nafisa akasema. "Si ungejirekodi mapema, sauti ikiwa bado ipo, simu iongee kwa sauti yako?"

"Nilijirekodi. Ile naitumia nyumbani tu, na mke wangu."

Nafisa hakukubali hata kidogo. "Unaifungia kabatini kama vyombo vya wageni? Sisi wengine hatustahili kukusikia?"

Piusi akainamia simu, akaanza kuandika. Gari likasimama Endabash, konda akafungua mlango, na hakuna abiria aliyeinuka; wote tulingoja simu ijibu.