Miaka ya Bedan Gachau Kwenye Thina

Wapendwa, mimi ni Ngigi, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Bedan Gachau alizaliwa tarehe 3 Machi 1966 huko Gatanga, mtoto wa pili wa mzee Kinyanjui na mama Mumbi, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1980, karo ikakosekana, akaja Thika kujifunza kupiga magari rangi kwenye gereji ya mjomba wetu. Ngai, Mungu wangu, yule mtu alikuwa na macho! Unamletea mlango uliogongwa, anachanganya rangi kwa kuangalia tu, anapuliza, na ikishakauka hata mwenye gari hawezi kukuonyesha palipoumia. Mimi hadi leo nashangaa.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Magdalene Wangechi kanisani Ruiru, wakakaa Mwiki, Mungu akawabariki na Jackie na Dorine.

Sasa, mafundi wa rangi huamini maziwa huosha kifua, basi kila jioni Gachau alinawa mikono na thina ile ile ya kuyeyushia rangi, akanywa pakiti yake ya maziwa, akaenda nyumbani akijua ameshajisafisha, barakoa hakuwahi kuvaa. Mwaka 2013 mikono ilianza kutetemeka, akawa anayumba akitembea, anasahau hata majina ya wasichana wake, na kwa vile alinuka thina watu wakasema ni pombe, kanisa likamsimamisha kushiriki Meza ya Bwana. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini yeye kila Jumapili alikuja, akaketi kiti cha nyuma, akaimba nyimbo zote. Huo ni moyo wa namna gani, jameni?

Mwaka 2019 daktari alitueleza kwamba mvuke wa thina aliovuta miaka hiyo yote ndio ulioharibu ubongo, na hauponi. Alitutoka Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, Magdalene akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mwiki mliomrudisha nyumbani kila alipopotea njia, na mafundi wenzake wa Thika mliobeba jeneza. Nyinyi mafundi nawasihi, maziwa hayaoshi kifua, vaeni barakoa.

Gachau aliomba jambo moja tu lisemwe leo mbele ya kanisa, nami nalisema kwa sauti: ndugu yangu hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote.

Wamesikia wote, Gachau. Sasa pumzika kwa amani.