Bi Kishindo na Mtoto Asiyeshtuka

Baada ya kulea watoto wa watu kwa miaka thelathini na miwili, Bi Kishindo, mlezi wa chumba cha wachanga hapa kituoni, anastaafu tarehe 30 Juni. Majirani tunaopakana nao ukuta wamezipokea habari hizi kwa majonzi, ingawa wengine wamejikaza hata wakatabasamu.

Nimeombwa mimi mpishi niandike wasifu huu kwa kuwa, kwa maneno ya mkuu wa kituo, ndimi niliyeshirikiana naye kwa karibu zaidi. Ni kweli. Siku yake ya pili kazini alipiga hodi jikoni kuazima mwiko. Bado naungoja.

Bi Kishindo aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kugusa, kunusa na kusikia, na kwamba kila nyumba ina vitu vya kutosha kwa kazi hiyo. Aliwapa wachanga sponji mbichi waiminye, ganda la limau walinuse mpaka wakunje nyuso, maharage ndani ya chupa iliyozibwa kabisa wayatikise. Wakichezea maji kwenye beseni, mkono wake haukutoka mgongoni mwa mtoto. Hapo hakuwa na mzaha. Ila mapenzi yake hasa yalikuwa vifuniko vya sufuria. Alivigonganisha kama anayefukuza nyani shambani. Watoto walishangilia. Mkuu wa kituo alihamishia ofisi upande wa pili wa jengo, kwa sababu za kiutawala.

Ndipo akaletwa mtoto wa fundi viatu, wa miezi tisa, mtulivu kupindukia. Vifuniko vikilia, wenzake waliruka. Yeye aliendelea kunyonya kidole. Tulimsifu sote. Baba yake akavimba kichwa.

“Huyu kachukua kwangu,” alisema. “Mambo ya fujo hayataki.”

Bi Kishindo alinuna. Si kwamba alijua lolote, aliona amedharauliwa. Akagonga vifuniko mbele yake, akavigonga nyuma yake, akaja kubeba sufuria yangu kubwa kabla sijamaliza kuiosha. Mtoto hakugeuka. Mwishowe, kwa hasira, aliifudikiza sakafuni, akamkalisha juu yake, akaipiga ubavuni kwa kiganja. Mtoto akaduwaa. Akabandika mikono yote miwili kwenye bati lililokuwa likitetemeka, akacheka mpaka akapaliwa.

Bi Kishindo hakucheka. Alinyamaza, nasi tukajua kuna jambo, maana hatukuwahi kumwona amenyamaza.

Jioni alimwambia fundi viatu, “Baba, mwanao si mtulivu. Hasikii. Mpeleke hospitali.”

“Mama, umeshatuharibia masikio mtaa mzima, sasa unamzulia na mwanangu?”

Fundi alimbeba mtoto, na kesho yake hakumrudisha. Basi Bi Kishindo akawa kila akitoka kazini anakwenda kibandani kwa fundi, anakaa kwenye benchi la wateja bila kiatu cha kushona, anasimulia. Wenye viatu wakaanza kupitiliza. Fundi akaona heri kufunga kibanda wakaenda hospitali wote watatu.

Daktari alithibitisha. Mtoto alisikia kidogo mno. Akawekewa vifaa vya masikioni, akaletwa kituoni. Bi Kishindo akagonganisha vifuniko, taratibu kuliko siku zote. Mtoto akashtuka, midomo ikamtetemeka, akaangua kilio. Baba yake pale mlangoni naye akalia. Sisi wengine tukapiga makofi, na mzazi mgeni aliyekuwa akikagua kituo hakuonekana tena.

Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu. Walimu wake wanaomba ushauri namna ya kumnyamazisha.

Wiki hii Bi Kishindo yuko kwenye likizo yake ya mwisho. Mlezi mpya ni dada mpole, mwenye sauti ya chini. Leo asubuhi wachanga walitulia tuli, kama tulivyoomba miaka yote. Nimetoka jikoni mara kadhaa kwenda kuhakikisha kwamba wanageuka wakiitwa.

Ahsante, mama. Nenda ukapumzike, uwe na afya njema na wajukuu wasiochoka. Tunakutakia maisha mema, na ya kelele za kutosha.