Mzee Ng'ang'a na Simu Iliyobaki Kambini

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu. Mzee Gerishon Ng'ang'a anaogopa kustaafu. Haogopi uzee, wala haogopi kukaa bila kazi. Anaogopa kwamba ninyi mnaosoma jarida hili mtamsahau.

Sasa nianze vizuri, kama meneja alivyoniagiza. Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Mzee Ng'ang'a atastaafu baada ya kuwaongoza wavuvi kwa miaka thelathini na mmoja hapa Kambi ya Bwawani, Ainabkoi. Mimi nilifika kambini Januari, baada ya kumaliza Kidato cha Nne, nikapewa kazi ya kupokea wageni. Meneja alinichagua niandike wasifu huu kwa sababu, alisema, mimi nasikiliza kuliko ninavyoongea. Mengi nimesimuliwa na Mama Kageha, mpishi wetu, na wageni wenyewe. Mengine nimeyaona kwa macho yangu.

Mzee alikuja Uasin Gishu kutoka Nyeri akiwa mtoto, wazazi wake wakitafuta shamba. Kambi ilimwajiri kwanza kufyeka nyasi kando ya bwawa. Asubuhi moja mwongozaji wa wakati ule aliugua wakati wageni wameshakaa ndani ya mashua. Ng'ang'a aliweka panga chini, akashika makasia, na hadi leo panga halijarudi mkononi mwake.

Jambo linalowashangaza wageni wapya ni kwamba Mzee hajawahi kuonja samaki. Kwao samaki hakuwa chakula. Nyanya yake alimhesabu samaki pamoja na nyoka, na Mzee hakutaka kugombana na nyanya yake hata baada ya kumzika. Mgeni akivua trauti mnono, Mzee hushangilia kuliko mwenye samaki, kisha chakula cha mchana kikifika yeye hufungua mkebe wake wa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa.

"Ng'ang'a, wewe ni kinyozi mwenye upara," Mwalimu Lusweti, mgeni wetu wa miaka mingi, humtania kila akija.

"Kama unanyolewa vizuri," Mzee humjibu, "upara wangu unakuwashia nini?"

Ana desturi moja ambayo Collins, mwongozaji mpya, anajaribu kuiiga. Hakuna anayepewa ufito wa kuvulia kabla ya kutoa habari za nyumbani. Mgeni anaweza kuwa ameendesha gari tangu alfajiri na mikono inamwasha, lakini Mzee atamkalisha kwenye ubao pale ukingoni na kumwuliza. Yule mama aliyefanyiwa upasuaji anatembea? Mvua iliwafikia? Kijana aliacha kugombana na dada yake? Wageni wa mara ya kwanza hukasirika kidogo. Wa mara ya pili huanza kujibu kabla hawajafunga mlango wa gari. Mzee husema kwamba mtu mwenye jambo moyoni huvuta mshipi kabla ya wakati, na samaki humkimbia. Mama Kageha anasema hiyo ni sababu ya kuwaambia wageni tu. Ukweli ni kwamba Mzee anapenda watu.

Mwalimu Lusweti alikuja hapa akiwa kijana, siku chache kabla ya kwenda kwa wakwe zake mara ya kwanza. Alikuwa amejigamba kwamba atawapelekea samaki mkubwa aliyemvua mwenyewe. Siku mbili akatupa ndoano, siku mbili akatoa majani. Jioni ya pili alikuwa karibu kulia. Mzee alimpeleka sokoni Ainabkoi, akamchagulia gunia la viazi, akakagua kila kiazi kama anayenunua ng'ombe.

"Samaki ataliwa leo na kusahauliwa kesho," alimwambia. "Hivi vitapandwa. Kila wakivuna watakutaja."

Wakwe walivipanda. Mwalimu akapata mke, na mtoto wao wa kwanza akaitwa Ng'ang'a. Huko kwao Bungoma, ambako jina hilo la Kikuyu ni geni, walimu wakiita majina darasani husimama, wakamwangalia kijana, wakaangalia jina tena.

Mama Linah na mumewe, Bwana Murunga, walikuwa wakija kila Agosti. Bwana Murunga alivua vibaya na kulalamika vizuri. Alilaumu upepo, jua, mashua, na mara moja aliwalaumu bata. Alipofariki, Mzee alipata habari akiwa bwawani. Aliondoka vile alivyokuwa, akafika mazishini na gambuti za matope miguuni katikati ya watu waliovaa suti. Mtu mmoja akataka kumweka nyuma na vibarua waliochimba kaburi. Mama Linah alimwita kwa sauti, "Huyo ni wetu! Mleteni hapa," akamkalisha na jamaa.

Agosti iliyofuata Mama Linah alikuja peke yake na hakutaka kuvua. Mzee alimzungusha kwenye maji. Walipofika pale kwenye matete, Mzee aliacha kupiga makasia.

"Ni hapa alipowalaumu bata," alisema.

Mama Linah aliniambia kwa simu kwamba hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu mazishi, na ndipo alipolia vizuri pia. Tangu wakati huo anakuja kila mwaka. Bado havui.

Ningeweza kueleza pia jinsi Mzee alivyowafundisha vijana wengi wa hapa kurudisha majini samaki wadogo, na jinsi mashua yake isivyowahi kupinduka na mgeni hata mmoja. Kambi inamshukuru sana kwa hayo. Lakini nataka kurudi kwenye lile nililoanza nalo, kwa maana ninyi mnahusika.

Wageni wengi mna nambari moja tu ya Mzee, na hiyo ni ya simu ya kambi. Amekaa nayo miaka mingi mfukoni mpaka kila mtu akadhani ni yake. Mwezi wa Mei meneja alimwomba anikabidhi. Aliileta mapokezi ikiwa imefutwa vumbi na imejaa chaji. Niliona majina yenu yote mle ndani, nikajikaza nikamwuliza kama nimhamishie nambari za marafiki zake kwenye simu yake ndogo.

"Hapana, mtoto wangu," alisema. "Hao ni wageni wa kambi. Mtu akimaliza kazi haondoki na makasia."

Nilidhani ni heshima tu, na ni heshima kweli. Lakini juma lililofuata Mwalimu Lusweti alipiga.

"Wewe ni nani? Nipe Ng'ang'a."

"Yuko majini, Mwalimu."

"Basi mwambie jina lake limeitwa chuo kikuu! Mwambie kijana anaenda kusomea udaktari wa mifugo!"

Nilikimbia mpaka ukingoni. Mzee alicheka, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema, "Mpelekee hongera zangu."

"Si umpigie mwenyewe, Mzee?"

"Kwa simu ya nani? Yangu haina nambari yake."

Alikaa kwenye ule ubao anaowakalisha wageni, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwuliza habari za nyumbani, nilimwuliza mimi. Aliniambia kwamba Mama Wangeci, mke wake, anamngoja kwa furaha dukani kwao mtaa wa Pioneer. Halafu, akiangalia maji, akasema, "Ukiacha kazi, watu wa kazi nao wanakuacha. Si ubaya wao. Walikuja kwa ajili ya samaki."

Tangu siku hiyo nimemwona mara nyingi akitoa ile simu yake ndogo, akiitazama na kuirudisha. Mama Kageha alimwuliza siku moja anangoja simu ya nani.

"Naangalia saa tu," Mzee akajibu, na saa iko mkononi mwake.

Mimi nafikiri Mzee amekosea, na sijawahi kumwambia mtu mzima kwamba amekosea. Kila ninapojibu simu ya kambi, kabla hamjauliza bei wala hali ya maji, mnauliza, "Ng'ang'a yuko?" Mmoja alipiga kutoka ng'ambo na hata hakuwa na mpango wa kuja. Alitaka tu kumweleza kwamba mjukuu wake ameanza kutembea. Mtu hapigi simu kutoka mbali hivyo kumweleza samaki habari za mjukuu. Lakini Mzee hasikii maneno hayo. Nayasikia mimi, na baada ya Juni mtakapouliza, nitalazimika kujibu kwamba hayuko. Yeye atakuwa Pioneer nyuma ya kaunta, akiamini kwamba hakuna aliyeuliza. Ninyi mtadhani amechoka na wageni, amepumzika. Hivyo ndivyo watu wanaopendana wanaweza kupoteana bila mtu yeyote kukosa adabu.

Mzee Ng'ang'a, asante kwa miaka yote uliyowapokea watu kabla ya kuwapokea wavuvi. Wafanyakazi wa Kambi ya Bwawani tunakuombea afya, usingizi mtamu usiokatwa na saa ya kengele, na duka lenye wateja wanaokaa kuzungumza hata kama Mama Wangeci atanung'unika.

Haya ameandikiwa, lakini hatayasoma. Jarida hili hutumwa kwa wageni pekee, na Mzee husema habari za kambi anazijua kabla hazijaandikwa. Kwa hiyo naweza kumalizia hivi. Nambari yake mwenyewe nilipewa na Mama Kageha, na hakuniuliza ya nini. Nimeiandika kwa kalamu nyuma ya kila nakala, pamoja na hii uliyoshika. Meneja hajui, kwa kuwa kuchapa na kutuma ameniachia mimi. Mzee hajui.

Mpigie wakati wowote baada ya Juni. Usimwambie kwamba anaogopa, wala usimwambie nambari umeipata wapi. Anza tu na habari za nyumbani.