Bi Mwanasiti binti Sadala, Mwenye Meza ya Joho

Marehemu Bi Mwanasiti binti Sadala alizaliwa Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, mwezi wa Mfunguo Tatu, mwanzoni mwa mwaka 1904. Baba yake, Mzee Sadala, alikuwa mkata boriti za mikoko, na mama yake alikuwa Bi Mwanamkuu. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza. Wa pili ni Bwana Dadi, ambaye tunaye hapa leo.

Alisoma chuoni kwa shangazi yake, Bi Mwajabu, akahitimu Kurani mwaka 1915. Mwaka uliofuata vita vya Wazungu vilifika mpaka mtoni, na Mzee Sadala akachukuliwa upagazi. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Bi Mwanamkuu aliendelea kumtengea wali wake kila jioni hadi naye alipofariki mwaka 1918. Hapo Dadi alilelewa na wajomba kulekule kisiwani, na Mwanasiti akafuatana na shangazi yake kuja Kibiti. Tangu siku hiyo ndugu hawa wawili wakawa watu wa kuonana kwa nadra.

Hapa Kibiti ndipo alipojifunza kushona. Alianza na kofia na kanzu kwa mkono, baadaye akapata cherehani ya kuzungusha. Wengi mliomo uwanjani humu mmevaa kazi yake. Alikuwa na jicho la ajabu: akimwona mteja anakuja kwa mbali barabarani, kabla hajafika na kutoa salamu kitambaa keshakikata, na vipimo vinakubali. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliyekwenda kwake kwa soga aliishia kushikishwa uzi.

Ijumaa tarehe 14 Mei 1926 aliolewa na Bwana Abbasi bin Zaidi wa Mbwara, fundi seremala aliyehamia hapa. Mwenyezi Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Mashavu, aliyezaliwa mwaka 1928. Surua ilimchukua mwaka 1932. Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Mume alikuwa na randa yake uani, mke na cherehani yake barazani, wakakaa hivyo kwa heshima, bila ugomvi na bila mazungumzo.

Mwaka 1938 Mzungu mmoja mwenye shamba la pamba upande wa mtoni aliondoka nchini, na Abbasi akaitwa kuibomoa nyumba yake iliyoliwa na mchwa. Ujira wake ukawa meza ya biliadi, ule mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo. Ilikuwa meza ya kale, kongwe kuliko hiyo nyumba yenyewe, iliyoletwa kwa meli tangu enzi za Wajerumani: miguu minene iliyochongwa, na juu yake mabamba matatu ya jiwe jeusi, kama vibao vya shuleni, ila kila moja likihitaji wanaume wa kulibeba. Nguo yake ya kijani ilikuwa imetafunwa na panya, mpira wa kingo umekuwa unga, na miguu miwili imeoza. Abbasi aliivunja sehemu ya ukuta wa mbele ili kuiingiza ndani. Ikajaa chumba chote cha wageni.

Bi Mwanasiti hakuipenda. Alimwambia mumewe kuwa meza ile imemfukuza nyumbani kwake. Abbasi hakubishana naye. Akachonga miguu mipya kwa mti wa mninga, akatwanga sakafu upya, akaweka sahani ya maji juu ya jiwe na kukaa akiitazama na kurekebisha miguu mpaka maji yalale sawa. Mipira ya pembe za ndovu ilikuwa imebaki miwili, basi wa tatu akauchonga kwa mpingo. Kila alipomaliza sehemu moja alimwita mkewe aje aone, na mkewe alijibu kuwa ana kazi ya mtu.

Ilipobaki nguo tu, alimwomba amshonee. Akakataa. Alisema yeye hushonea watu, hashonei meza.

Abbasi akasema, "Basi nitangoja. Mimi nilitaka tuwe na kitu cha kufanya wawili."

Alipopata kazi ya boriti huko delta, aliifunika meza kwa majamvi, akaaga, akaenda zake. Homa ilimshika Kiongoroni, akafariki tarehe 9 Agosti 1941 na kuzikwa hukohuko, katika kisiwa alichozaliwa mkewe. Habari ilipomfikia Bi Mwanasiti, mumewe alikuwa keshazikwa.

Eda ilipokwisha, shemeji yake, Bwana Abdala, alikuja kwa ajili ya mirathi. Hakuja kwa ubaya. Alikuwa na watoto wengi, na sheria ilimpa haki yake. Mjane asiye na mtoto hupata robo. Mwalimu Swalehe, aliyesimamia mgao, alimshauri Bi Mwanasiti achukue chumba kimoja cha nyumba na minazi kadhaa. Meza, Abdala alisema, atapasua mbao zake afanyie milango, na mawe yatafaa kunolea mapanga.

Bi Mwanasiti alisema anaitaka meza. Iwe ndiyo robo yake, na nyumba na minazi yote amwachie shemeji.

Mwalimu Swalehe alimtazama, akamwuliza, "Mwanangu, thamani yake unaijua?"

"Naijua. Haina," akajibu.

Mji mzima ulisema kufiwa kumemtoa akili. Yeye akakodi watu, wakayabeba mawe mpaka kiwanja alichopewa na wazee wa mji kando ya barabara, wakaisimamisha meza juu ya udongo mtupu chini ya jua. Kisha akaijengea kuta kuizunguka. Ndiyo nyumba hii mnayoiona. Yeye mwenyewe alilala katika chumba cha nyuma, chembamba kama ushoroba.

Akaanza kuitengeneza. Kipande kilichobaki cha nguo ya zamani alikisugua kwa vidole, akajua ni nguo ya sufu ya namna ya joho. Lakini ilikuwa wakati wa vita tena, hata nguo ya marekani ya kuzikia ilipatikana kwa kibali. Alijaribu kaniki, mipira ikakimbia ovyo. Akajaribu blanketi la askari, ikakwama. Akavibandua vyote na kungoja. Miaka ya kungoja aliitumia kung'oa misumari ya zamani mmoja mmoja, kuyaosha mawe, na kuziba viungo vyake kwa nta, kama alivyomwona Abbasi akifanya siku zile alipojifanya hatazami. Kingo alizitengeneza kwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Vifuko vya pembeni alivisuka kwa kamba.

Joho lilikuja mwaka 1947. Dereva mmoja alilipata kwa Mhindi huko Dar es Salaam. Kijani hakikuwapo, lililokuwapo lilikuwa rangi ya damu ya mzee. Bi Mwanasiti alilipokea bila kunung'unika. Tatizo lilikuwa kulivuta. Nguo ya meza hiyo huvutwa na watu wawili, mmoja akaze na mwingine apige misumari, nayo isibaki na kunyanzi hata moja. Hakumwita mtu. Alilishonea joho pindo la marekani pande zote, akapitisha kamba ndani yake, akaifunga kamba miguuni mwa meza. Kila asubuhi alikaza kidogo, akapitisha kitambaa chenye unyevu, akapiga pasi ya mkaa kufuata malaika ya sufu, yale manyoya yake laini, upande mmoja tu. Mwezi ulipoandama tena, joho lilikuwa limelala kama ngozi ya ngoma, ndipo akapiga misumari.

Akatoa mipira na fimbo. Hapo ndipo alipotambua kuwa mchezo wenyewe haujui. Abbasi naye hakuwa akiujua.

Habari za meza zilimfikia Mzee Sijaona wa kijiji cha Mkongo, aliyekuwa mtumishi wa yule Mzungu wa pamba na aliyesimama miaka mingi ukutani akiwahesabia mabwana mchezo bila kushika fimbo. Alikuja kwa miguu, akavua viatu mlangoni, akauliza kama anaweza kuigusa. Bi Mwanasiti akafungua mlango na madirisha, ili wapita njia waone kila kitu, na Mzee Sijaona akamfundisha. Akawa anakuja kila baada ya mavuno. Hawakuzungumza sana. Majirani walizoea kusikia mipira ikigongana, kisha kimya, kisha ikigongana tena. Mwaka 1953 mavuno yakapita na Mzee Sijaona hakuonekana. Alikuwa amefariki.

Tangu hapo Bi Mwanasiti alicheza pande zote mbili. Upande wa dirishani ulikuwa wake, upande wa ukutani wa Abbasi. Husseini, mwana wa Bwana Dadi, alipohamia Kibiti kufanya kazi ya barabara na kupita kumsalimu, alimkuta akizunguka meza, fimbo mkononi. Akamwuliza nani anaongoza.

"Mume wangu," shangazi yake akasema. "Mimi nilichelewa kuanza."

Mwishoni mwa mwaka 1957 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Alipelekwa zahanati, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani kupumzika. Husseini na mkewe, Mwantum, walihamia hapa kumwuguza. Kitanda chake kilisogezwa mlangoni mwa chumba cha nyuma ili aione meza. Siku mbili kabla ya kufariki alimwomba Husseini amchezee mkono wake, kwa kuwa hawezi kusimama. Husseini hakuwahi kushika fimbo. Akaisukuma kwa nguvu, ncha ikachimba joho na kulichana, mchano mrefu wa kiganja. Akaiweka fimbo kando. Mwantum akaenda kutafuta sindano.

Bi Mwanasiti alitaka ashikwe ainuliwe auone. Akautazama kitambo.

"Miaka yote hii," akasema, "hapakuwa na mtu wa kulichana." Akamwambia Mwantum arudishe sindano, na Husseini aendelee, sasa ni zamu ya Abbasi. Husseini akacheza mpaka shangazi yake alipopitiwa na usingizi.

Alifariki Jumatatu tarehe 10 Machi 1958, mwezi wa Shaaban, baada ya sala ya alfajiri, nyumbani kwake, Mwantum akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ametanguliwa na wazazi wake, mumewe Abbasi na binti yake Mashavu. Ameacha mdogo wake mmoja, Bwana Dadi wa Kiongoroni, mwana wa Bwana Dadi, Husseini, pamoja na mkewe Mwantum, shemeji yake Bwana Abdala wa Mbwara, na watu wengi aliowashonea. Mtoto hakuacha.

Familia imekubaliana kuwa meza ibaki mahali pake na mlango usifungwe mchana. Anayetaka kujifunza na aje na mwenziwe.

Mola ampanulie kaburi lake, na humo asimwache peke yake. Apumzike kwa amani.